Begi Lililokatika Njiani

"Hebu nitoe tongotongo, shoga. Kila wiki begi jipya begani, hicho kiwanda ni cha baba yako?"

Fundi Sampuli alicheka hadi akashika kiuno. Alikuwa mjane, na kazi yake katika kiwanda cha mabegi ya shule ilikuwa kubuni na kushona begi la kwanza kabisa, lile ambalo wenzake wangeliiga kwa mamia. Kabla ya kulikabidhi, hulibeba mwenyewe kwanza. Hulijaza viazi, sabuni, hata mawe, akakata nalo mitaa bila haya.

"Si langu. Nalitesa tu," alimjibu jirani yake.

Jumamosi hiyo, wakitoka sokoni pamoja, mkanda ukang'oka. Viazi vikatawanyika barabarani. Jirani akavikimbiza huku anacheka: "Leo limekutesa wewe!"

Fundi hakununa. Aligeuza mshono, akaona uzi umepita ukingoni mno, akamshukuru Mungu kwa sauti kwamba vimemwagika viazi vyake na si madaftari ya mtoto. Alipofika nyumbani akalifumua lote.

Ila alijua Jumatatu kuna kazi. Msimamizi mpya, kijana mwenye adabu zake, alikuwa ametundika ubao: kila fundi na idadi ya sampuli alizomaliza. Fundi Sampuli alikuwa anavuta mkia, na atakayebaki mkiani mwisho wa mwezi angeondolewa kwenye meza ya sampuli, apelekwe kufunga maboksi. Meza ile aliipenda kama mtu anavyopenda kwao.

"Mama, begi la wiki iliyopita liko wapi?" msimamizi alimuuliza Jumatatu asubuhi.

Akamwekea vipande mezani.

"Mbona Ijumaa nililiona limeisha?"

"Liliisha. Likakatika, nikalifumua."

Kijana akajikuna kichwa. "Ungenikabidhi tu ningekuandikia, mama yangu. Huko juu wananibana. Hapa mimi naona sifuri."

"Si ungenyamaza, dada," mwenzake wa meza ya pili akamnong'oneza.

Angeweza. Badala yake alivuta kiti, akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kuurudia ule mkanda.

"Andika sifuri, mwanangu, sina ugomvi. Ila niongezee mstari mmoja pale ubaoni, wa mabegi yaliyokatika mikononi mwetu kabla hayajakatika begani kwa mtoto wa mtu."