Karani Aliona Mkia

"Jumamosi, tarehe 13 Agosti. Upepo wa mashariki tangu alfajiri, mkavu, vumbi mpaka ndani ya chungu. Hakuna wingu."

Hivyo ndivyo ukurasa unavyoanza. Mwaka wenyewe siwezi kuutaja kwa kiapo, maana mchwa wamekula jalada la daftari; ulikuwa wa hamsini na kitu, msimu ambao pamba ilizaa mpaka watu wa Mhunze wakawa wanalala njiani na mikokoteni yao ya ng'ombe wakingoja zamu ya mizani. Mimi nilikuwa karani wa mizani hiyo. Shule yangu iliishia darasa la nne. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba maandishi yasiyo na tarehe ni kelele tu, kwa hiyo tarehe niliiweka kila siku. Hali ya hewa niliiongeza mwenyewe, kwa kuogopa ukurasa usibaki mweupe. Mke wangu alikuwa akinicheka.

"Baba watoto, huo upepo unamwandikia nani? Wenyewe haujui kwamba umepita?"

Hata leo sina hakika kama nilikuwa na akili au nilikuwa na mazoea tu.

Zimamoto ya serikali hatukuwa nayo. Tulikuwa na kikosi chetu cha kujitolea: wanaume wa mjini, ngazi mbili, madebe, na filimbi moja. Mkuu wa kikosi alikuwa mzee mfupi aliyechimba dhahabu kule Geita mpaka kifua kikamshinda, akarudi kwetu na kikohozi na amri. Ni yeye aliyetuwekea sheria ya habari. Alisema kule mgodini habari ya ajali ilikuwa inapanda juu kabla ya majeruhi.

"Mke anaambiwa tayari ni mjane," alisema. "Analia, ananyoa nywele, anagawa vyungu. Jioni mume huyu hapa mlangoni, anadai ugali. Sasa utapikia nini? Kwa hiyo hapa kwetu habari ya moto itatoka kwa mdomo mmoja, na mdomo huo utauliza watu watatu kwanza."

Mdomo huo ulikuwa mimi, kwa sababu nilijua kushika chaki. Ubao ulikuwa bati lililopakwa rangi nyeusi, tumelipigilia ukutani kwa fundi cherehani pale sokoni. Lakini waliojua kusoma walikuwa wachache, na hapo ndipo alipoingia ningi. Ningi kwa Wasukuma ni yule anayetunga nyimbo na kuziongoza. Wetu alikuwa mbeba magunia, mrefu kama mlango wa ghala. Madebe yetu yalipita mkono kwa mkono kwa wimbo wake, na moto ukishazimika mimi nilimsomea nilichoandika, yeye akakigeuza wimbo. Chaki yangu ilifika mwisho wa soko. Wimbo wake ulilala kijiji cha tatu.

Siku hiyo ya upepo, mchana, tulisikia mwano. Mwano ni ukelele wa hatari wa Kisukuma. Akiupiga mmoja, kila anayeusikia huupokea na kukimbia, hata awe mezani. Mimi nilikuwa nyumbani kwa chakula, upande wa magharibi wa mji. Nilikimbia na debe langu, na kwa kweli nilichelewa, maana nilirudi kuchukua kofia. Sijui kofia ilikuwa ya nini. Nilipofika sokoni nikaona banda la Mama Maandazi linawaka. Mama huyo alikuwa mjane wa makamo, wazazi wake walitoka pwani na msafara wa biashara wakabaki, naye alikaanga maandazi jirani kabisa na ghala la pamba. Nyuma ya banda, ndani ya moshi, nikaona na ghala nalo linawaka.

Tulifanya kazi. Ningi aliimba, tukapokezana madebe kutoka kisimani, tukaokoa robo tatu ya pamba. Banda la mama hatukuliokoa. Hakuna aliyeumia, ila mkuu wa kikosi aliungua nyusi moja akakataa kuiombolezea.

Ningi alikuwa na haraka. Ngoma ya mavuno ilikuwa kesho yake. "Karani, nipe neno nikalale nalo."

Nikashika chaki. Watu watatu sikuwauliza. Nilijiambia: niliona kwa macho yangu, nimuulize nani tena? Nikaandika: "Moto ulianza kwenye banda la maandazi ukaingia ghala la pamba. Kikosi kimeuzima." Mistari miwili, mwandiko mzuri. Niliutazama kwa furaha, lazima nikiri.

Asubuhi ya Jumapili watoto walikuwa wakiimba barabarani kwa Kisukuma, na maana yake ilikuwa hii: "Mama kakaanga pamba! Mama kakaanga pamba, mafuta hayakumtosha!" Wimbo mtamu, siwezi kumnyima ningi haki yake. Nami nilijikuta nauimba huku nafunga kamba za viatu.

Mke wangu akaweka sufuria chini. "Unajua ng'wanangwa wa kijiji anasikiliza shauri kesho asubuhi? Wenye pamba wanataka Mama Maandazi aondoke sokoni asirudi. Wanasema ubao umesema."

"Ubao umesema nilichoona."

"Moto uliuona ukianza, au uliukuta unawaka?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Badala yake nikachukua kofia.

Nikaenda kwa Mama Maandazi. Alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, anachambua misumari kwenye majivu, iliyonyooka huku, iliyopinda kule.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliendelea na misumari. Katika umri wangu wote shikamoo yangu haijawahi kuachwa chini namna ile, nikabaki nayo kama mtu aliyenyoosha mkono kupokea kitu kisichokuja.

"Mama, nimekuja kuuliza."

"Leo ndiyo unauliza?" alisema bila kuinua uso. "Basi uliza. Moto wangu niliuzima kabla ya adhuhuri, unga uliniishia. Nilikuwa nafunga banda nikaona moshi kwenye paa la ghala. Aliyepiga mwano ni nani, karani? Hukuuliza hata hilo? Nilipiga mimi. Mkaja wote mkakimbilia pamba, banda langu likashika moto mkiwa mnanipa mgongo."

Nikauliza watu watatu, kwa kuchelewa siku moja. Mpagazi wa stesheni alisema mwano wa kwanza ulikuwa sauti ya mwanamke, na alipogeuka banda lilikuwa bado lina paa. Fundi cherehani alisema hivyohivyo. Wa tatu, mwenye duka la chumvi, alisema hakuona chochote, na hilo nalo nililiandika.

Kisha nikafungua daftari. Upepo wa mashariki tangu alfajiri. Ghala liko mashariki, banda liko magharibi yake. Cheche za banda zingewezaje kwenda ghalani zikipingana na upepo ule uliotia vumbi kwenye chungu chetu? Mimi nilitoka magharibi, nikakuta banda mbele na ghala nyuma, nikaandika cha mbele kuwa cha kwanza.

Nilikwenda kwa mkuu wa kikosi nikamweleza yote. Alikohoa kwa muda mrefu. Nilidhani ataninyang'anya chaki.

"Futa ubao," alisema. "Andika tunachokijua, na tusichokijua uandike kwamba hatukijui. Halafu ukamwone ningi. Bati halikimbizi wimbo."

Ningi nilimkuta uwanja wa ngoma anapaka mafuta miguu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Wimbo ukishatoka siuiti kama mbuzi. Unajua desturi, karani. Wimbo hujibiwa kwa wimbo, na anayejibu ni mwenye neno. Neno lilikuwa la nani?"

"Langu."

"Basi na koo liwe lako."

"Ndugu yangu, mimi siwezi kuimba. Kanisani wananiweka nyuma."

"Vizuri," alisema, na meno yake yote yakaonekana. "Watu hawatasahau."

Ngoma ilianza jua likiwa bado kali. Vikundi viwili vilikuwa vinashindana, uwanja umejaa mpaka kwenye matawi, na kila kikundi kikipumzika watoto wanaanza: mama kakaanga pamba. Mama Maandazi hakuwapo. Ningi akainua mkono, ngoma zikanyamaza, akasema, "Karani wa kikosi ana neno." Akanisukuma katikati, mimi na kofia yangu.

Niliyoimba sikuyatunga vizuri. Yalikuwa hivi, ukiyaweka kwa Kiswahili:

"Karani alifuata kofia, akachelewa,
aliona mkia, akaandika kichwa.
Upepo ulitoka mashariki, mnashuhudia vumbi,
mwano alipiga mama, pamba yenu ikapona."

Mstari wa pili sauti ilinikatika, ikatoka kama jogoo mdogo anayejifunza. Kisha bibi mmoja mbele akacheka, akapiga kigelegele, akarudia: "Aliona mkia!" Na uwanja mzima ukajibu: "Akaandika kichwa!" Ngoma ya kwanza ikadaka, ya pili ikafuata, na ningi, ambaye alijifanya hana habari, akaupokea wimbo akautengeneza pale ulipochechemea. Wakanichezesha. Kikundi cha pili hakikukubali kushindwa, kikaongeza ubeti wao kuhusu kofia. Sijawahi kuchekwa kiasi kile, na sijui kwa nini nilikuwa nacheka kuliko wao.

Lazima niseme jambo moja kwa haki. Upepo si shahidi kamili, huzunguka, hurudi. Sikuimba kwamba najua moto ulianzaje. Ubaoni niliandika: "Tumeuliza watu watatu. Mama wa maandazi ndiye aliyepiga mwano wa kwanza. Upepo ulitoka ghalani kwenda kwenye banda. Chanzo hatukijui. Maneno ya jana yalikuwa makosa ya karani." Mwalimu wa shule, ambaye alikuwa akipeleka habari kwa gazeti, aliyanakili kama yalivyo. Wiki nyingi baadaye gazeti lilipoletwa na treni tulipewa mistari minne, na upepo wameuandika wa magharibi. Mkuu wa kikosi alicheka mpaka kikohozi kikamlaza kitandani. Niliwaandikia kusahihisha. Sikupata jibu.

Jumatatu asubuhi ng'wanangwa, mkuu wetu wa kijiji, alikaa kusikiliza shauri. Waliokuwa wanamshtaki mama walisimama, mmoja akakohoa, mmoja akatazama viatu. Mama alikuja na misumari yake ndani ya kopo, ameifunga kwa kanga.

"Karani," ng'wanangwa aliniita, "soma."

Nikaanza kusoma daftari, tarehe na upepo. Sijafika kwenye vumbi, mtu nyuma akanong'ona, "Aliona mkia," na baraza zima, wazee kwa vijana, wakamalizia. Hata ng'wanangwa midomo ilimcheza.

"Nilishalisikia jana," alisema. "Ng'ombe wangu wenyewe wamelisikia. Mama anarudi mahali pake. Na ninyi mliompa mgongo, mna madebe, mna ngazi. Mnangoja nini?"

Tukajenga mchana uleule. Ningi alileta miti begani peke yake, mkuu wa kikosi alitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata, na misumari iliyopinda niliinyoosha mimi, juu ya jiwe, mmoja mmoja, maana ndiyo kazi niliyopewa. Mama alipita nyuma yangu akasimama.

Niliogopa, lakini nikaisema. "Shikamoo, mama."

Alinitazama na jiwe langu na vidole vyangu vilivyovimba.

"Marahaba, Mkia," alisema. "Huo bado umepinda."

Tangu hapo mji mzima uliniita Mkia, hata mizani niliyoisimamia iliitwa mizani ya Mkia, na watu waliouza pamba walikuwa wakiniuliza leo upepo unatoka wapi. Niliwajibu, kwa sababu nilikuwa nimeshauandika.

Jioni ya siku ile ya kujenga, nyumbani tulikula ugali wa mtama kwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, mke wangu ameyaunga kwa karanga. Na baada yake chai, na maandazi sita aliyotuletea mama yamefunikwa kwa kawa, ya kwanza kutoka jiko jipya, mawili yameungua upande mmoja.

"Yameungua upande gani?" mke wangu aliniuliza. "Mashariki au magharibi?"

Tukayala yote.