Komeo la Mlango wa Nyuma

Kch. Sauti ndogo tu, ya komeo la mlango wa nyuma likiinuliwa kwa kitambaa ili chuma kisigonge chuma. Mtu mwingine asingeisikia. Fundi Kufuli aliisikia alfajiri ile, na tangu hapo haijamtoka masikioni.

Maisha yake yote aliyatumia kwenye kibanda chenye upana wa mlango mmoja, akifungua vya watu: makabati, maduka, magari. Wateja walimtania, "Fundi, siku ukiamua kuwa mwizi, tumekwisha!" Naye alicheka, akipuliza unga wa chuma vidoleni. Mwanawe wa pekee alijifunza kazi papo hapo, amekalia ndoo.

Utani huo ndio uliowaponza. Duka la jirani lilipoibiwa, kufuli haikuvunjwa, ilifunguliwa. Nani angeweza, kama si mtoto wa fundi? Kijana akahukumiwa miaka saba.

Wakili wao, mwanamke mpole mwenye mkoba uliokatika mkanda, aliisoma hukumu akaguna. "Mzee wangu, hii imesimama kwa mguu mmoja. Mwenye duka alikiri ufunguo wake wa pili ulipotea, na hakimu hakuligusa hilo. Rufaa hii tunashinda."

Kijana akatolewa kwa dhamana kusubiri rufaa. Baba yake ndiye aliyemdhamini.

Lakini jela ilikwisha kumwingia mwilini. Alikula amesimama. Mlango ukibishwa, kijiko kilimponyoka. Na alfajiri ya siku ya kusikilizwa, akaondoka.

Mahakamani jaji aliuliza mrufani yuko wapi. Wakili akasimama.

"Mheshimiwa, mrufani ametoroka. Lakini kosa lililomo kwenye hukumu halijatoroka. Liko hapo mbele yako."

Jaji hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akasema polepole, "Akishinda, atajitokeza. Akishindwa, tutampata wapi? Hawezi kuikimbia mahakama huku anaiomba imsikilize." Akamgeukia Fundi. "Mzee, wewe ndiye mdhamini. Hukumsikia akitoka?"

"Nilikuwa nimelala, mheshimiwa."

Rufaa ikatupwa. Kwenye ngazi za nje wakili alishindwa kumtazama usoni. "Angekuja leo tu, mzee wangu. Leo tu."

Siku chache baadaye, mchana, simu iliita kibandani. Namba ngeni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimechoka kujificha. Narudi. Mwambie wakili aombe siku nyingine."

"Wameshaitupa, mwanangu."

"Si wanaweza kuirudisha?"

"Nimemuuliza. Anasema kuomba tutaomba, ila kwanza ujisalimishe, usubiri ukiwa ndani. Na yeye hajaona aliyekubaliwa."

Kijana alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, kidole kikibanwa na kufuli. "Laiti ungeamka, Baba! Nilisimama pale mlangoni, komeo mkononi. Nilikuwa nasubiri ukohoe tu. Ungekohoa, ningerudi kitandani."

Fundi aliitazama kufuli iliyokuwa mapajani mwake, imefumuliwa, springi zake zimetawanyika kwenye kitambaa. Alfajiri ile kikohozi kilimfika kooni kabisa. Alikimeza, akijiona baba mwema anayemfungulia mwanawe mlango.

Alifunika simu kwa kiganja, kana kwamba mtaa mzima unasikiliza.

"Nilikuwa macho, mwanangu," akanong'ona.