Mabuu Kando ya Kaburi

Mpaka leo, mtu akiniambia kwamba ardhi imekataa, namwuliza kama ameichimba.

Mume wangu tulimzika nyumbani kwao, nje kidogo ya Myanga, mbele ya nyumba tuliyoijenga likizo baada ya likizo. Kaburi lilikuwa bado udongo mtupu, maana kwao simiti husubiri makumbusho, ile ibada ya kumkumbuka marehemu mwaka ukitimia. Nilipanda nyasi za pemba, zile za kutambaa uani, kutoka kaburini hadi mlangoni, nikarudi Kitale kufundisha. Kila Ijumaa nilikuwa nyumbani na ndoo ya maji.

Mwezi mmoja kabla ya makumbusho, nyasi zikageuka njano. Lilianza doa dogo kando ya kaburi, kama sinia, kisha yakawa matatu, kisha upande mzima. Nikazidisha maji. Kazi bure.

Hapo ndipo shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, alipopata la kusema. Alilisema mbele ya mama mkwe na kina mama wa kanisa waliokuja kupanga mapishi.

"Nyasi inakufa ju marehemu mwenyewe hajafurahi. Shemeji, si urudi kwanza kwenu? Wazee wakae, watuambie hii boma iko na shida gani. Makumbusho tutafanya sisi."

Rudi kwenu! Tangu mazishi alikuwa akiniuliza nyumba kubwa hivyo naikalia na nani. Ningetoka kabla ya makumbusho, najua nani angeshika funguo. Kina mama wakatazama sufuria zao.

Jumatatu sikurudi kazini; niliomba ruhusa ya wiki. Nilishika nyasi penye njano nikavuta, zikainuka kama mkeka, bila mzizi hata mmoja. Nyasi zilizokufa kwa kiu hung'ang'ania udongo. Nikachukua panga, nikakata pande tatu za kipande cha ukubwa wa gunia, nikakikunja nyuma. Walikuwa pale: mabuu weupe, wanene, vichwa vya kahawia, kila mmoja amejikunja. Hawa ndio hukua wakawa mbawakawa wanaogonga taa mvua ikianza. Niliwaokota mpaka kopo likajaa, na sikuwa nimefika hata nusu.

Walitoka wapi? Nilizunguka nyuma ya jikoni, lilikobaki rundo la samadi, nikalichokoa kwa kijiti. Mabuu wale wale. Samadi hiyo aliileta shemeji mwenyewe kwa trela baada ya mazishi, mbichi, kutoka zizini mwake. Kila mkulima wa huku anajua samadi hukaa, hugeuzwa, hupoa, ndipo iende shambani. Mimi pia najua. Lakini mjane mpya haikatai zawadi ya shemeji yake, basi niliitandaza kwa mikono yangu mwenyewe nikasema asante. Adabu yangu hiyo inaniudhi kuliko mabuu wenyewe.

Nilimwambia shemeji jioni ile kwamba mabuu wametoka kwenye samadi yake. Jumanne nikawaambia kina mama wa kanisa, Jumatano mchungaji. Wote waliangalia kopo, wakaguna. Mchungaji alisema tuombe.

"Sawa, ni wadudu," shemeji akasema Alhamisi, tulipokutana tena kwa mipango. "Lakini nani aliwatuma? Mbona hawajaenda kwa jirani?"

Niliona vichwa vikitikiswa kukubali. Watu wazima, bana, wengine wana shamba la ekari tano!

Mama mkwe hakuwa amesema neno wiki nzima. Aliinuka, akafungulia kuku wake, akawaswaga mpaka pale nilipozikunja nyasi. Kuku walivamia kwa fujo. Akasimama akiwatazama, kisha akamgeukia mwanawe.

"Samadi nani alileta?"

Shemeji akakohoa. "Ni mimi, mama, lakini—"

"Sasa ni wewe ulimtumia ndugu yako wadudu?"

Mmoja wa kina mama akasema kweli, samadi mbichi ni mbaya, yeye iliwahi kumharibia sukuma wiki. Mwingine akasema kuku wabaki hapo siku mbili, halafu tupande upya. Shemeji akaanza kuzungumzia hema za makumbusho. Habari ya wazee kuketi haikutajwa tena, na funguo zilibaki kwangu.

Nilimshukuru mama mkwe, na nilimaanisha. Lakini alichosema ni kile kile nilichokuwa nikikisema tangu Jumatatu, kopo mkononi. Kumbe kosa halikuwa katika maneno yangu, lilikuwa katika kinywa kilichoyatoa.