Chuo Alichosoma Baba

Kwetu Kaloleni joho halirudishwi chuoni kabla wazazi hawajalivaa. Sijui ni nani aliyeanzisha desturi hiyo. Unahitimu leo, joho ni la kukodi, kesho linahitajika, lakini kwanza lazima lizunguke nyumba nzima. Mama analivaa, shangazi analivaa, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi analivaa, na kila mtu anapigwa picha pale mlangoni. Nilipohitimu mimi, picha ya baba ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote. Kidevu juu, kofia imekaa sawasawa, mkono mmoja kifuani. Yangu nimefumba macho. Basi mama akaitia ya baba kwenye fremu, akaitundika sebuleni juu ya televisheni, na zangu zikabaki kwenye simu ambayo baadaye iliibiwa sokoni Gikomba. Ndiyo maana ukiingia kwetu leo, msomi unayemwona ukutani ni baba.

Baba alistaafu kutoka reli, alikokuwa fundi wa breki za mabehewa. Miaka michache iliyopita alianza kusahau. Kwanza miwani, kisha majina ya watu, kisha kama amekula au bado. Hayo tuliyazoea. Kilichonishinda mimi ni kwamba mahali pa vitu alivyosahau pakajazwa na vitu vyangu. Mgeni akija, baba anatazama picha, anajiona mwenyewe ndani ya joho, anakohoa kidogo na kuanza: “Nilipokuwa chuo kikuu...”

Haki ya nani, nilitamani ardhi inimeze! Maana kinachofuata ni hadithi zangu, zile nilizokuwa nikimsimulia nikirudi nyumbani wikendi na mfuko wa nguo chafu, yeye akipiga viatu vyake rangi pale mlangoni na kucheka mpaka brashi inamwanguka. Jinsi tulivyopika omena hosteli kwa jiko la umeme lililokatazwa, msimamizi akabisha hodi, nikaisukuma sufuria ndani ya kabati la nguo, na muhula wote nikaenda darasani nikinuka samaki. Jinsi nilivyokimbia siku ya mgomo, moshi wa kutoa machozi kila mahali, kiatu kimoja kimepotea, mpaka mama mmoja wa mahindi ya kuchoma akanifunika kwa gunia.

Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. “Baba, hiyo ni mimi.” Ananitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto mwongo, na kuendelea. Halafu likaja jambo baya zaidi. Yeye husema kiatu kilichopotea kilikuwa cha kushoto. Mimi nilikuwa na hakika ni cha kulia. Sasa sina hakika tena. Juzi nilikaa kitandani nikijaribu kuukumbuka mguu uliochomwa na lami siku ile, na mguu uliokuja akilini ulikuwa wa baba, umevaa soksi zake nene za kazi. Ala! Nimewahi kukimbia mimi, au ni yeye aliyekimbia?

Ndipo kamati ya ukumbi wa mtaa ikaamua kuwaita wote waliosoma chuo, Jumapili baada ya kanisa, wazungumze na vijana waliomaliza kidato cha nne. Kila mmoja aseme amefanikiwa nini, na akumbuke jambo moja tamu la chuoni. Wiki nzima nilikuwa nazunguka na swali hilo jikoni, bafuni, kazini. Nimefanikiwa nini? Nilisomea takwimu. Nikaajiriwa kwenye mradi wa utafiti, mradi ukaisha. Nikaajiriwa benki, tawi likafungwa. Sasa nafanyia shirika fulani kazi ya mkataba, na kila mkataba ukikaribia kuisha naanza tena kusaka matangazo ya kazi. Kama hayo ni mafanikio, sijui. Kama siyo, pia sijui, maana nakula na kulala kwangu. Nikajiambia, hayo nitayapita haraka, halafu niwape hadithi ya omena. Omena haijawahi kuniangusha.

Jumapili ikafika. Nikapita nyumbani kumchukua mama, nikamkuta baba sebuleni amevaa suti ya harusi za watu, tai imefungwa.

“Baba, unaenda wapi?”

“Si wameita waliosoma?”

Nikamtazama mama. Mama akaokota mkoba wake. “Usinitazame mimi.”

“Mwambie basi!”

“Nimwambie nini? Wewe ndiye mwenye digrii. Mwambie wewe.”

Sikumwambia. Niliogopa, na sioni haya kusema nilichoogopa: kicheko. Pale Kaloleni baba ni mtu. Watu wakigombana juu ya mpaka wa kamba ya kuanikia nguo, ndiye aliyekuwa akiitwa. Hakuna aliyewahi kumcheka. Na vijana wa siku hizi simu haziwatoki mkononi; mzee akiteleza ulimi, kabla jua halijatua ameshaonekana hadi Makadara na Majengo. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama nimrudishe nyumbani, na njia nzima miguu yangu ilikuwa inaenda ukumbini.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mshereheshaji, kijana mmoja wa mtaa mwenye sauti ya kuuza mitumba, akashika kipaza sauti. “Niaje wasee! Leo mtaa uko na wasomi wake. Wasomi wote, simameni!”

Baba akasimama. Nikamshika koti kwa nyuma.

“Kaa, baba.”

“Nikae kwa nini? Hujasikia wamesema tusimame?”

Akaubandua mkono wangu taratibu, akaenda mbele, na yule kijana, kwa heshima ya mvi, akampa kipaza sauti wa kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikabaki kitini.

Akaanza na omena. Ukumbi ukacheka, kicheko kizuri, cha watu wanaofurahi na mtu. Nikacheka pia, halafu nikakumbuka kwamba hiyo ndiyo niliyokuwa nimeiweka akiba, na sasa sikuwa na la kusema. Akaendelea na mgomo, na kiatu cha kushoto. Nikamwacha nacho. Nikasema moyoni, amemaliza, atashuka, tumepona.

Hakushuka. “Siku ya kuhitimu,” akasema, “kadi za kuingilia zilikuwa mbili. Moja nikampa mama watoto. Nyingine nikampa dada yangu, alitokea ghafla, ametoka mbali. Mimi nikabaki nje ya geti, pale kwa wauza mashada ya maua.”

Nikainua kichwa. Hiyo haikuwa yangu. Kadi zile mbili nilimkabidhi baba mwenyewe mkononi, yake na ya mama. Shangazi nilimwona baadaye nikadhani amejipenyeza, si unamjua shangazi. Na sherehe ilipokwisha baba alinivalisha shada akaniambia, “Nimekuona, mama, umesimama wima kabisa.” Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Miaka yote hii nilijua alikuwa ndani, mahali fulani kwenye ule umati. Nikamgeukia mama. Mama alikuwa anafungua na kufunga zipu ya mkoba.

“Alinikataza nisikwambie,” akasema.

“Vipaza sauti vilisikika mpaka barabarani,” baba akaendelea. “Wakasema, wa kitivo chetu wasimame. Nilikuwa nimekalia kreti ya soda. Nikasimama, nikavua kofia. Yule mama wa mashada akaniuliza, mzee, kuna nini? Nikamwambia, wametuita.”

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa nimeyatafuta, wala sikujua ni ya nini hasa, kama ni aibu, au furaha, au hasira kwamba sikuambiwa.

“Heshima, mzee,” mshereheshaji akasema. “Hebu waambie vijana, ulisomea nini?”

Baba akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akatazama dari, akatazama kiganja chake. Nyuma kabisa mtu akaanza kucheka, na kijana mmoja akainua simu. Baba akazungusha macho ukumbini, safu kwa safu, mpaka akanipata.

“Mama,” akaniita kwa kipaza sauti, “kwani tulisomea nini?”

Nikasimama.

“Takwimu, baba. Tulisomea takwimu.”

“Enhe!” Akawageukia watu. “Takwimu. Ilikuwa ngumu, lakini tulimaliza.”