Mimi Iko na Kitu

Hadi leo, harufu ya manemane ikinifikia naliona hema letu katika kambi ya wakimbizi ya Ifo na mama akijifukiza, shuka kichwani, akiomba moto uliokuwa mwilini mwake utoke pamoja na ule moshi. Moto huo ulianzia kifuani, ukashuka mgongoni, ukakaa miguuni. Kiangazi kile hakupika, hakucheka, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba anadeka. Nilikuwa msichana wa darasa la tano, na niliogopa sana kumpoteza, maana baba tulikuwa tumemzika njiani tulipokuwa tukitoka Somalia.

Hospitalini mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Walimpima damu, wakampiga picha ya kifua, wakamsikiliza moyo. Daktari, mtu wa bara, akaniambia, "Mwambie mama hana kitu." Kabla sijafasiri, mama alikwisha kusimama. Alikuwa na Kiswahili chake kidogo cha sokoni, na kule sokoni asiye na kitu ni fukara. Alirudi nyumbani amenuna.

Kesho yake alivaa dera lake la Idi, akabeba kibuyu cha maziwa ya ngamia, akakitua mezani kwa daktari. "Daktari, wewe sema mimi hana kitu. Mimi iko na kitu." Daktari akacheka, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha mama akajigusa kifua. "Na hapa iko kitu. Moto."

Kicheko kikamkauka. Akavuta kiti, akauliza moto ulianza lini. Mama alijibu kwa Kisomali, nami nikafasiri huku nalia: tangu kaburi lile la njiani. Daktari hakuupa ugonjwa jina. Alisema tu kwamba maumivu ni ya kweli, akamtaka mama arudi amwone tena. Moto haukuzimika, lakini mama alirudi jikoni.

Sasa mimi ni tabibu mjini Garissa. Zamani dalili kama zile zilitupwa kapu moja, la zisizoelezeka, na mgonjwa akaondoka na aibu. Vitabu vya utabibu vya sasa havidai kwanza chanzo cha mwilini kikosekane. Vinatazama dalili zenyewe na jinsi zinavyomlemea mtu. Ni afadhali kubwa, ingawa majina mapya ya ugonjwa huu bado hunishinda kuyasema kwa Kisomali. Mama angali anaungua. Nikitoka kazini hunisimamisha mlangoni na kuniuliza, "Leo umemwambia nani hana kitu?"

"Hakuna, hooyo," namjibu, ndipo ananipisha niingie.