Chale Tatu Juu ya Sindano

Mwandiko wangu umelala upande, na huenda kuna herufi nimeziruka. Mtanivumilia. Niliishia darasa la saba na mkono wangu huandika polepole, hasa jambo ambalo mdomo ulishindwa kulisema kwa wakati wake.

Mama yangu alifariki kwa kifua kikuu. Nyumbani kwetu Mkolani nililala naye kitanda kimoja mpaka siku alipopelekwa hospitali, na mimi sikuugua. Kwa sababu hiyo daktari wa utafiti alinifuata.

Alikuwa mama mtu mzima, kwao Kagera. Hakuwa daktari wa kutoa dawa. Kazi yake ilikuwa kuchunguza kinga ya mwili. Alituambia kwamba ujanani alianza na ngozi za wagonjwa wa ukoma, kisha akahamia kwenye mapafu, kwa kuwa vijidudu vya magonjwa hayo mawili ni ndugu.

"Ngozi na mapafu ni milango miwili ya nyumba moja," alisema. "Nimezeeka nikiuliza kama walinzi wa mlango huu wanafahamiana na wa mlango ule."

Bibi yangu, anayenilea tangu mama afe, alimcheka. "Nyie Wahaya mnapenda vitabu kuliko ng'ombe."

"Vitabu havivunji ua kwenda kula mahindi ya jirani, mama."

Daktari alinichoma sindano ndogo kwenye ngozi ya mkono wa kushoto. Akasema nisikune, nisipake kitu, atarudi siku ya tatu kupima uvimbe. Uvimbe ungemwonyesha kama mwili wangu umeshakutana na kijidudu kile na unakikumbuka.

Siku ya pili mkono ulivimba, ukawa mgumu. Bibi akaushika, uso ukambadilika. Kwake yeye, kitu kikiingizwa mwilini kikavimba, lazima kitolewe. Aliagiza wembe mpya dukani, akanichanja chale tatu juu ya uvimbe ule, akasugua dawa nyeusi ya mizizi iliyochomwa. Nilijua nimekatazwa. Nikanyamaza. Mimi ni mtu ambaye hata mboga ikizidi chumvi siwezi kusema.

Daktari alikuja na kalamu na rula. Kwa wengine alikuwa akisukuma ncha ya kalamu juu ya ngozi taratibu, kutoka pembeni mpaka igote kwenye ukingo wa uvimbe, ndipo aweke alama na kupima. Kwangu kalamu ilikaribia zile chale ikasimama hewani.

"Nani amekuchanja?"

"Nimejikuna."

"Kwa mistari mitatu inayolingana?"

Bibi alikuwa palepale akimenya karanga. Hakuinua kichwa.

Daktari aliandika kwenye karatasi yake kwamba kipimo hakikusomeka. Hakuweza kurudia, alisema, maana mwili ukishaamshwa mara moja, jibu la pili si lile la kwanza. "Mkono wako ndio niliokuwa nausubiri kuliko yote." Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Wiki iliyopita alikuja kutuaga. Utafiti umefungwa, naye anastaafu. Bibi alimkaribisha kiti, wakaulizana habari za mvua. Nikakohoa.

"Hicho kikohozi cha lini?"

"Vumbi la dagaa hilo," bibi akajibu haraka. "Si anaanika huko ziwani?"

Vumbi nalijua. Kikohozi hiki nilikuwa nimekisikia kabla, kwenye mto wa mama, kitanda kilekile.

"Wiki ya tatu," nikasema. "Na natoka jasho. Na siku ile sikujikuna, daktari. Zilikuwa chale."

Bibi aliweka ungo chini. Hakunitazama mimi. "Mama yake nilimwacha mikononi mwenu," alimwambia daktari, "nikamzika. Huyu naye nimwache?"

Yule mama aliyetumia maisha yake yote kuuliza maswali aliupakata mkoba wake. Akasema, "Hata mimi ningeogopa, mama." Mchana huohuo akanipeleka mwenyewe kutoa makohozi ya kupimwa.

Majibu bado. Daktari ameshavuka ziwa pale Busisi kurudi kwao, na kwenye karatasi zake kuna nafasi tupu ambayo ukweli wangu hauwezi tena kuijaza. Bibi ananiwekea chakula, anageuka, anaondoka. Hajanisemesha tangu siku ile. Nikikohoa anasimama nje ya mlango, naona kivuli cha miguu yake, lakini haingii.

Wewe unayesoma, kama uliwahi kumwaibisha aliyekulea kwa kutaka kupona, niandikie. Niambie ulianzaje kuzungumza naye tena. Hata maneno mawili yatatosha. Nasoma polepole pia, lakini nasoma.