Kijiji Nilichompelekea Mjapani

Upepo wa Same hauna adabu. Unapita kwenye tundu la kitasa, unatikisa pazia, unamwaga vumbi juu ya kompyuta uliyoifuta sasa hivi. Nilikuwa nimepanga chumba karibu na barabara kuu, natengeneza kadi za harusi na mabango ya maduka ili nile, na muda uliobaki natengeneza gemu. Kukaa kitako sikujui. Nafanya kazi nimesimama, naenda dirishani, narudi, nachemsha chai naisahau. Mama husema nilizaliwa kiguu na njia, kwamba hata tumboni sikumpa raha.

Ugonjwa wa gemu niliupata likizo moja ya sekondari, kwenye banda lililokuwa nyuma ya stendi. Wavulana waligombania gemu ya mpira. Kulikuwa na diski moja isiyoguswa na mtu, maandishi yake yote Kijapani, na mwenye banda aliniachia niicheze wateja wakipungua. Ndani yake unakuwa mtu fulani, unatembea mji hadi mji, unazungumza na kila unayemkuta. Sikuelewa neno hata moja, kwa hiyo nikawa nawatungia maneno mwenyewe. Muuza dawa nilimfanya mmbea. Askari wa lango nilimpa mke aliyemkimbia. Miaka mingi baadaye nilipata tafsiri, nikakuta askari yule husema tu, “Karibu mjini.” Nilikasirika kweli.

Aliyeitunga gemu hiyo ni Mjapani mmoja ambaye sasa ni mzee. Wenzangu walijua mchezaji gani wa mpira amehamia timu gani. Mimi nilifuatilia kazi ya mzee huyu. Alianza kwa kuchora majoka katika kampuni ndogo. Wakaona ana maneno, wakampa aandike wanachosema wauza maduka. Kisha wakampa miji. Kisha gemu nzima, na jina lake likawekwa juu ya jalada. Alipofika pale ambapo kila mtu angetaka kufika, akaacha kazi, akafungua ofisi ya watu wachache juu ya duka la tambi. Alisema amechoka kukaa vikao vya kujadili majoka, anataka kuyachora. Niliposoma hayo nilizunguka chumba kizima. Huyu ni mwenzangu, nilijiambia, naye hatulii.

Mwaka jana ofisi yake ikatangaza kwamba inatafuta mtu wa kuwajengea vijiji vya gemu mpya, kutoka nchi yoyote. Jaribio lilikuwa kujenga kijiji kimoja kinachochezeka. Atakayefaulu atahamia Japani. Niliitaka kazi ile hadi nikaiota. Kaka zangu walishaondoka, mmoja Mwanza, mwingine Dar, na mimi ndiye niliyebaki karibu na mama, yeye juu milimani, mimi huku chini kwenye joto. Nilipomwambia, aliuliza tu kama huko Japani kuna baridi.

Nikajenga kijiji cha kwetu. Migomba, kahawa, nyumba za matofali kwenye mteremko, na mifereji inayoshuka kutoka kwenye ndiva, yale mabwawa ya udongo waliyochimba babu zetu ili kukinga maji ya mashamba. Mchezaji ni mgeni anayetafuta mtu wa kumvusha mlima. Sasa, katika gemu za namna hii mgeni huingia nyumba yoyote anayotaka. Anafunua vyungu, anachukua dawa, anachukua na panga, na mwenye nyumba amesimama palepale anamtazama. Hakuna anayeshangaa. Hata mimi nilikuwa sijawahi kushangaa.

Nilipanda na bodaboda nikampelekea mama aijaribu, maana asiyejua gemu ndiye huona ilipoharibika. Nikamwonyesha vitufe. Akamfikisha mtu wake kwenye mlango wa nyumba ya kwanza, akatoa mkono kwenye vitufe, akaita hodi, akangoja. Mimi nikainuka, nikakaa, nikainuka tena.

“Mama, ingia.”

“Sijaitikiwa.”

“Hakuna wa kukuitikia. Bonyeza hapo, utaingia.”

“Niingie nyumba ya watu kama mwizi? Na kama wamekwenda msaragambo?”

Msaragambo ni kazi ya wote. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu, mnakwenda kuzibua mfereji au kutengeneza barabara, na kijiji kinabaki hakina mtu. Milango inabaki wazi, na inabaki wazi kwa sababu hakuna anayeingia. Nimekulia humo, na bado nilikuwa nimejenga kijiji chetu kikiwa na mgeni anayefunua vyungu vya watu.

Nilishuka Same nikilalamika njia nzima, kwa kuwa mama alisema kweli na muda wa kutuma ulikuwa karibu kwisha. Nikabomoa karibu kila kitu. Sasa mchezaji akifika mlangoni anapiga hodi. Akiitikiwa, anaingia. Asipoitikiwa, haingii, hata kama mlango uko wazi. Na siku ya msaragambo haitikiwi popote. Inabidi afuate sauti ya baragumu, ashike jembe, achimbe mfereji pamoja na watu, na mmojawapo wa wale wachimbaji ndiye atakayemvusha mlima. Nikatuma.

Wakaniita kwa video. Mzee mwenyewe alikuwa pale, na mkalimani ubavuni pake. Nikamwamkia shikamoo. Mkalimani akakwama, nikasema basi, mwambie nimemheshimu.

Mzee akacheza mbele yangu. Hodi, kimya. Nyumba ya pili, kimya. Akakuna sikio, akaweka kifaa chini.

“Kijiji kizuri,” alisema. “Maji yako yanatembea vizuri kuliko maji yetu. Lakini mchezaji wangu ametoka kazini, amechoka, ana muda kidogo tu kabla ya kulala. Usimzuie mlangoni. Ondoa hodi, kisha tuzungumze habari za viza.”

Mwenye akili zake hapo angesema ndiyo. Watu husema sisi Wapare tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na mimi huwa nawabishia. Siku ile nilibishania mlango wa kuchora. Nilimwambia hakuna aliyezuiwa, mlango uko wazi, na hilo ndilo jambo lenyewe. Mgeni akiingia tu, baragumu halina kazi, mfereji hauna kazi, na watu wangu wanakuwa sanamu za kulinda vyungu. Nilisema mengi, tena kwa sauti ya juu. Mkalimani alikuwa anafupisha, nami nikamwambia asifupishe.

Mzee akachukua kifaa chake tena. Safari hii alifuata baragumu. Akachimba mfereji hadi mwisho, na yule mtu wa kumvusha mlima alipomsalimia, mzee akacheka.

“Umenishinda,” alisema. “Acha hodi yako, usiiondoe. Ila natafuta mtu wa kukaa nami. Anayebishana hivi siku ya kwanza hakai. Najua, mimi mwenyewe niliondoka hivyohivyo.”

Akainamisha kichwa kwa heshima, picha ikakatika.

Sikuweza kubaki chumbani. Nilipanda mlimani mchana uleule, nikamkuta mama jikoni anachochea makande. Nikamwambia nimeikosa kazi. “Pole, mwanangu,” alisema, macho yake chunguni. Akaongeza chumvi. Akasogeza kuni. Kisha akaanza kuimba pambio la kanisani, polepole kwanza, halafu kwa sauti kamili, na mabega yakicheza. Nilikuwa nimeikosa kazi niliyoitaka kuliko kitu chochote, na mama yangu anaimba.

“Mama,” nikasema, “usifurahi mbele yangu.”

Akanyamaza. Akanitazama kwa huruma ya kweli, mwiko mkononi.

“Basi toka nje kidogo,” akasema, “nimalizie.”